Mlio wa Upande wa Kushoto

Jumapili, 3 Machi
Binti yangu kaja na pikipiki yake ya safari. Masanduku mawili nyuma, kioo kikubwa mbele, uzito wa ng'ombe aliyeshiba. Anasema upande wa kushoto unagonga na gia zinaingia kwa ugomvi. Nikamwambia asizime. Nikachukua bisbisi ndefu, ncha kwenye kifuniko cha injini, mpini sikioni. Ndivyo nilivyopata jina. Mtaa mzima hakuna anayeniita nilivyoitwa na baba — ni Sikio tu.

Ni cheni ya ndani. Si ile ya gurudumu, hapana. Hii inatoa nguvu kwenye injini kuipeleka kwenye klachi, imejificha chini ya kifuniko, inaogelea kwenye oili. Imelegea.

Tarehe 16 anaondoka. Kapewa kazi ya kuongoza msafara wa wapanda pikipiki, siku kumi na mbili, kilomita elfu tatu. Ni safari ya majaribio. Akikwama njiani, kazi anapewa mwingine. Na cheni ile ikijibana katika mwendo mkali, gurudumu la nyuma linajifunga. Hilo hatukulisema. Mama yake alikuwa karibu.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwaga oili. Imetoka na vumbi la chuma linalometameta.

Nati ya klachi hufunguka kinyume. Niliwahi kumwona fundi wa miaka ishirini kazini akiibana mpaka ikakatika, huku anaapa kwamba anaifungua! Yangu ilitoka bila matusi.

Ndani ni msiba. Beringi ya nyuma ya klachi imekwisha. Mpira wa tensa, kile kikazio cha cheni, umelika mpaka chuma. Cheni iliyolegea haili hivi. Hii ilikazwa kupita kiasi, ikatafuna mpira, na mpira ulipokwisha ndipo ikalegea. Nikampigia binti simu: ni fundi gani wa barabarani kaigusa? Akasema hakuna.

"Ni wewe tu, baba. Mwaka jana."

Nikamwambia sikio halipiti kichwa. Nimekasirika mpaka chakula kimenishinda. Yupo fundi aliyeigusa, binti kasahau tu.

Jumatano, 6 Machi
Mama watoto kakuta birika limekauka, chini limekuwa jeusi. Mimi nilikuwa hatua mbili tu, naosha sahani za klachi. Kafoka: birika lina filimbi, mtaa wa pili wanaisikia! Nikamwambia nilikuwa na mawazo.

Jumatatu, 11 Machi
Spea zimefika. Sproketi mpya, gurudumu la meno linalovuta cheni, yenye springi nzito za kumeza mshtuko, sahani za klachi za mzigo mkubwa, tensa, beringi, gasketi. Binti kachagua vilivyo imara kuliko vya awali. Sina neno, hapo kanizidi.

Muuza spea kaniwekea na karatasi ya vipimo: cheni icheze kiasi gani ikiwa baridi, kiasi gani ikiwa moto. Eti nipime kwa rula. Nimeitandika mezani, nimeiwekea nati juu yake.

Jumatano, 13 Machi
Siku nzima nimeinama. Beringi imeingia kwa kubembelezwa. Klachi imekaa. Sproketi mpya — ukiishika unaona aliyeitengeneza hakuwa na haraka.

Nikawasha, nikaanza kukaza tensa kidogo kidogo, bisbisi sikioni. Inagonga. Nikakaza. Inagonga kwa mbali. Nikakaza. Kimya. Nikaongeza kidogo, kwa usalama. Kimya kitamu.

Mama watoto akapita na beseni la nguo. Akasimama.

"Mbona inalia?"

Nikamuuliza nini kinalia. Akasema kama birika. Nikacheka, nikamwambia wewe na birika lako mtanimaliza. Akaenda kuanika nguo. Hakucheka.

Alhamisi, 14 Machi
Mama watoto alipotoka nilibandika birika. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Mvuke ukatoka. Mfuniko ukacheza. Nikainamisha kichwa — sikio la kulia, la kushoto. Hakuna kitu. Nikagusa filimbi kwa kidole. Inatetemeka. Kidole kimeungua.

Basi.

Kugonga nakusikia, ni sauti nene. Mlio mwembamba, wa cheni iliyobanwa, siusikii. Kwa hiyo nakaza mpaka kugonga kunakwisha, halafu naendelea kukaza, na cheni inalia, na mimi nasema kimya kitamu. Mwaka jana nilifanya hivyo hivyo. Ile beringi nimeiua mimi. Nikamsingizia fundi ambaye hata hajazaliwa.

Naona aibu. Naiandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunijibu. Ni pikipiki ngapi zimepita mikononi mwangu tangu mwaka jana? Nilianza kuzitaja moja moja, nikaacha.

Ijumaa, 15 Machi
Nimefungua tena. Nimeitoa karatasi chini ya nati, ina alama za oili lakini inasomeka. Rula ilikuwa ya binti, ya shule, bado ina jina lake kwa wino mwekundu.

Nikalegeza. Nikainua cheni, nikapima. Nikazungusha, nikapima tena, maana cheni haibani sawasawa kila mahali. Mara nne. Inacheza upana wa kidole, kama walivyoandika. Macho yamekubali.

Ila hiyo ni ya baridi. Injini ikipata moto chuma kinatanuka, cheni inajikaza. Karatasi inasema ikiwa moto ipimwe tena, halafu isikilizwe.

Isikilizwe!

Binti kapiga simu. Imenyamaza, baba? Nikasema imenyamaza. Kwangu mimi, kweli.

Jumamosi, 16 Machi
Saa moja asubuhi. Binti kafika na begi lake. Tukaizungusha mitaa mitatu ipate moto. Tukazima, nikapima — iko ndani ya kipimo, lakini mpakani kabisa. Akawasha tena, akanipa bisbisi kama alivyokuwa akinipa tangu ana miaka saba.

"Sikiliza mara ya mwisho, baba, niondoke."

Nikaweka ncha. Ngurumo nene ipo. Juu yake, ukungu. Nilikuwa na neno moja la kusema: nenda. Angekwenda. Hajawahi kunibishia mara mbili.

Nikamwita mama watoto. Akatoka na mikono ina sabuni. Nikamwambia asikilize yeye.

"Mimi mlio ule siusikii," nikasema. "Tangu mwaka jana, au kabla."

Binti alinitazama mimi, halafu kifuniko, halafu mimi. Nadhani beringi imemjia kichwani. Mama watoto hakuuliza mlio gani. Alikausha mikono kwenye gauni, akaipokea bisbisi, akainama. Kumbe anajua! Tangu lini?

Nimekaa kwenye ndoo, naandika ili mikono ipate kazi. Msafara unamsubiri binti saa mbili. Kavaa glovu moja, ya pili kaishika.

Mama watoto kafumba macho. Binti kafungua mdomo, mama yake kamnyooshea kiganja: subiri. Anaitoa ncha mbele ya kifuniko, anaisogeza nyuma taratibu, kwenye beringi. Ndipo mahali penyewe. Sikumwonyesha.

Anakunja uso. Au ni jua.