Jina Langu Chini ya Barua ya Ijumaa

Jumanne, 7 Oktoba

Nimenyang'anywa barua ya wiki. Leo, saa nne asubuhi. Nilikuwa napanga matangazo ya Ijumaa kama kawaida: chumba cha kupanga Kamenge, mtihani wa takwimu umehamishiwa ukumbi mwingine. Barua pepe ikanikatalia kuingia. Neno la siri limebadilishwa.

Miaka miwili nawaandikia wanafunzi wasiolala chuoni. Anwani mia sita na kitu, nimeziomba moja moja kwenye milango ya madarasa. Désiré, mwenyekiti wa jumuiya yetu, amenieleza kwenye ngazi, hata hakusimama. "Dada Zuhura, pumzika kidogo. Thierry atatutengenezea kitu cha kisasa."

Thierry wa Kinindo, mtaa wa wenye pesa. Kwao waifai inafika mpaka jikoni.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimejishusha, nimemfuata Thierry. Nimemwambia: maandishi tu, bila picha, maana watu wetu wananunua mega za intaneti za siku moja moja. Itoke mapema, kabla watu hawajatawanyika. Na msiba ukae juu kabisa, kabla hata ya salamu za mwenyekiti. Mji huu watu wanakusamehe kukosa harusi. Mazishi, apana.

Akacheka. "We unaandika kama meseji ya benki."

Sawa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mama yake Goreth amefariki hospitalini, Kamenge. Goreth nimekaa naye benchi moja tangu mwaka wa kwanza. Amenipigia mimi, kwa sababu matangazo ya msiba huletwa kwangu. Mazishi Jumamosi. Maiti itatoka hospitalini saa tatu, kisha Gatumba, nyumbani kwao.

Sikumweleza habari za neno la siri. Mtu aliyefiwa leo hawezi kusikiliza ugomvi wangu. Nimemtumia Thierry kila kitu, saa na mahali. Amejibu kwa alama ya kidole gumba.

Ijumaa, 10 Oktoba

Imetoka saa kumi na mbili jioni. Barua nzima ni picha moja, nzito kama gunia. Kwenye simu yangu duara linazunguka tu. Nimekwenda kwenye duka la kaka yangu, Buyenzi, ndipo ikafunguka kwenye kompyuta yake.

Juu, Désiré na suti. Kisha matembezi ya ziwani, watu wanacheka. Kisha mashindano ya mpira. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, mama yake Goreth.

Na chini yake: Imetayarishwa na Zuhura.

Kazi wamechukua, jina wameacha.

Nimepiga simu mpaka salio likaisha. Nimewapata watu saba.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tulifika wanane. Mimi na wale saba.

Msiba wa baba yake Claude, mwanafunzi mwenzetu, mwaka jana, tulijaza pikapu nne. Familia ya Goreth ilikodi viti kwa hesabu hiyo. Baada ya kaburi, tulipokaa kunawa mikono na kunywa, kama ilivyo desturi, safu zote za wanafunzi zilikuwa tupu. Plastiki nyeupe mpaka ukutani.

Mjomba mmoja wa Goreth akavitazama viti vile, akauliza kwa sauti, chupa mkononi: "Huyu mutoto anasoma kweli, ao anatudanganya?" Watu wakatazama chini. Ada ya Goreth analipa yeye.

Goreth alinipa mkono kama anavyompa mgeni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Jana sikuandika. Ningeandika matusi.

Leo nimemkamata Désiré nje ya maktaba. Thierry alikuwepo. "Lakini tangazo lilikuwemo," akasema Thierry. Kweli, lilikuwemo. Ndiyo maana siwezi hata kumwita mwongo, na hilo linanichoma zaidi.

Nimemwomba Désiré awaandikie wanachama wote kwamba barua ile si yangu, na awaite waende kumpa Goreth pole, mjomba wake awaone kwa macho. Akasema tutaona. Kisha akanivuta pembeni. Neno la siri atanirudishia kesho, nikitaka, mradi nisimwaibishe Thierry mbele ya watu. "Si ndicho ulichokuwa unalilia?"

Ndicho. Wiki iliyopita ningekipokea nikikimbia. Namchukia kwa kujua hivyo.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekwenda Gatumba. Goreth alikuwa uani, anasugua masufuria ya kuazima kabla ya kuyarudisha. Nimechukua kitambaa, nimekaa, nikawa nakausha. Tumefanya hivyo muda mrefu.

Mwishowe akasema, "Nilishangaa. Zuhura kuniweka chini ya mpira."

Nimemweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kusugua. Hakusema ameniamini. Alisema mjomba bado hajaamua kuhusu ada ya muhula ujao. Akanipa sufuria nyingine.

Nimerudi nyumbani, nimeoga, nimeswali. Kisha nimemwandikia Désiré. Maandishi tu:

Mwenyekiti, neno la siri kaa nalo. Je, utawaandikia wanachama nani alitengeneza barua ya Ijumaa, na utawaita Gatumba Jumamosi hii? Ndiyo ao apana. Nataka jibu kesho kabla ya saa sita mchana.