Chumba Ulichokiita Kwa Mama

Kaka mpendwa,

Umeniudhi. Najua marehemu hasemwi vibaya, lakini wewe ndiye uliyenizoesha kukusema usoni.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulihamia Iyunga, mimi nikabaki Iringa, kila mmoja na ubao wake wa drafti na visoda vyake vya kete. Ukisogeza kete huko, unaandika kikaratasi, dereva wa lori la shaba anakiacha Igawa kwa mama wa chai, mwingine ananiletea. Vyumba vya ubao ulivipa majina badala ya namba. "Natoka Igawa, nakula Iyunga." Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaniuliza kama ni mzima.

Wakaingia wengine, tukafika sita. Sasa mchezo umechoka. Vikaratasi vinapotea, cha Jumatano kinatangulia cha Jumatatu. Ambokile, yule fundi redio rafiki yako, anataka tucheze kwa simu ya posta, vyumba viwe na namba, kila mtu aanze upya.

"Dada, namba tu! Kumi kwenda kumi na nne, basi. Idodi ndiyo wapi kwenye ubao, ati?"

Nilimbishia sana. Nikaahidi kuwaandikia orodha ya majina yote. Nikafika nusu, nikakwama. Ulibuni majina, ukabadili ulivyotaka, hukuandika popote. Kaka, kwa nini hukuandika? Nilipiga meza kwa hasira, nusura visoda vyako viruke.

Kikaratasi chako cha mwisho, cha kabla ya ile homa, kinasema: "Natoka Idodi, naingia Kwa Mama." Hukuwahi kunitajia chumba hicho. Na kutoka Idodi kuna njia mbili tu. Moja inakuleta mdomoni mwangu, nakula, nashinda. Nyingine inakupeleka ukingoni, ambako kete hailiwi.

Nimeuangalia ubao huo wiki nzima. Halafu nikakumbuka baba akikutafuta na fimbo, nawe umejibanza nyuma ya mama jikoni, unanichungulia unacheka.

Leo nimekusogeza ukingoni. Sina tena pa kusogea.

Kesho nitampigia Ambokile, namba zianze. Ila chumba hicho kimoja kitabaki na jina lake, hata apige kelele. Nimekukumbuka mno, na hasira haijaisha.

Pumzika, kaka.

Mdogo wako,
uliyemfunga tena