Glasi ya Tatu

Tarehe 3 Machi

Bibi mke wangu,

Shikamoo. Hujambo wewe, halijambo goti lako? Mimi mzima, ila naandika nimesimama kwa furaha, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Sikiliza. Mwishoni mwa mwezi huu sitakuwa nyuma ya kaunta ya baa. Mnunuzi wa vinywaji wa hoteli yetu amenichagua nikae mezani na waonjaji! Ni wiski za Uskoti, za kimea cha shayiri tupu, zote za kiwanda kimoja. Zinatofautiana umri tu: moja imelala kwenye pipa miaka kumi na miwili, nyingine kumi na minane, nyingine thelathini. Glasi hazina majina. Unanusa, unaonja, unatema, unatoa alama kati ya mia. Nikifanya vizuri, nahamia kwenye uonjaji. Nikiboronga, narudi kufuta glasi.

Usimwambie mama kwanza. Atasikia "wiski" tu, mengine yatapita pembeni.

Mumeo,
Mjukuu

Tarehe 12 Machi

Mume wangu mlevi,

Marahaba. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio.

Nimecheka hadi chai ikanipalia. Kitu kimengoja miaka thelathini, halafu ninyi mnakitema? Haya, niambie: hicho kizee kina nini ambacho kichanga hakina? Niandikie yote, hata harufu.

Nina sababu ya kuuliza. Yule fundi saa wa mtaa wa pili, aliyefiwa na mkewe, kila Jumamosi anakuja kutengeneza saa yangu ya ukutani, na saa haijawahi kuharibika. Juzi akaweka bisibisi mezani, akasema, "Saa yako haina ugonjwa, mama. Mgonjwa ni mimi." Anataka kunioa! Mama yako anasema kwa umri huu nitawaaibisha. Fundi sijamjibu. Moyo unadunda kama wa msichana.

Bibi yako, bado mkeo

Tarehe 29 Machi

Bibi,

Shikamoo. Kumbe nimeletewa mume mwenza na sikuombwa hata ruhusa! Tutalizungumza. Kwanza sikia ya huku.

Glasi ya kwanza ilinukia tofaa bichi na asali, ikanichoma ulimi. Themanini na mbili. Ya pili, zabibu kavu na mdalasini, laini. Tisini, bila kusita. Ya tatu ilikuwa na rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Nikanusa: mbao. Nikaonja: mbao, tena chungu, kama nimelamba meza ya seremala. Nikaandika sabini. Wenzangu walikuwa wamefumba macho kama wanasali.

Mnunuzi akachungulia karatasi yangu. "Sabini? Una uhakika?"

"Ulimi ndio unaosema."

Mkuu wa waonjaji, mama mmoja mpole mwenye mvi, hakubisha. Akadondosha maji kidogo kwenye glasi yangu, akaifunika kwa kiganja. "Una haraka ya kwenda wapi?" Tukakaa. Alipoondoa kiganja, Bibi, nywele zilinisimama! Maganda ya chungwa, nta, moshi wa mbali, kisha utamu usiotaka kuondoka. Niliona aibu, lakini furaha ilizidi. Nikafuta sabini mbele ya wote, nikaandika tisini na sita. Kumbe ndicho kile kizee chako cha miaka thelathini.

Mmoja akacheka, "Kigeugeu huyo!"

Yule mama akamkatiza: "Mimi natafuta mtu anayeweza kujisahihisha hadharani. Anaanza Jumatatu."

Naanza Jumatatu, Bibi! Nilishuka ngazi kwa kuruka, mlinzi akadhani nafukuzwa na nyuki.

Kuhusu huyo mume mwenza nina swali moja tu: anakuchekesha?

Mjukuu

Tarehe 6 Mei

Bibi,

Shikamoo. Mbona kimya? Mama naye hapokei simu. U mzima? Umeninunia? Nijibu hata mstari mmoja.

Mjukuu

Tarehe 2 Juni

Mume wangu wa zamani,

Marahaba. Talaka yako nitakuletea mwenyewe.

Barua yako ya kazi niliisoma mlangoni, nikaenda moja kwa moja kwa fundi saa, na ndara zangu za bafuni. Alikuwa ameifumua saa ya mtu. Nikasema, "Ndiyo." Akaangusha skrubu zote! Tukazitafuta chini ya meza, wazee wawili tunatambaa, tukicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Basi jibu lako ndilo hilo.

Mama yako alininunia mwezi mzima. Simu zako hakupokea kwa sababu alijua utakuwa upande wangu. Nami sikuandika, sikutaka kukugombanisha na mama yako. Siku ya ndoa nikavaa nikijua haji. Nafungua mlango, huyu hapa, macho mekundu, pasi mkononi. "Huwezi kuolewa na gauni lenye mikunjo," akasema. Akalipiga pasi mimi nimejifunga shuka. Kisha akanifunga vifungo vya mgongoni, kimoja kimoja, akanishika mabega asiniachie.

Nikaona moyo wake umelainika, nikamweleza na kazi yako. Akawaza, akauliza, "Lakini anatema kweli?" Nikamwapia.

Jumamosi tunakuja kwako, mimi na mume wangu. Yeye ataonja, mimi nitanusa tu. Usihangaike na chakula. Na ole wako ututandikie vitanda viwili.

Bibi yako,
bibi harusi