Wakazi Wanne

Shumaisi, Riyadh
Jumapili, baada ya alasiri

Mke wangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana nakujua, ukiwa umesimama utaisoma nusu kisha ukimbilie chapati zako jikoni. Hujambo? Mguu wa Mama unaendeleaje, ule alioteguka bafuni? Rehema na masomo yake? Na Nuru, bado anagoma kunywa uji mpaka aone sukari inatiwa mbele ya macho yake? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa mafua ya kiyoyozi, ambayo ofisini kwetu hayahesabiwi ugonjwa.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Mariamu, yule muuguzi wa Muheza niliyewahi kukutajia, anakuja likizo Jumanne, nikamwomba anibebee bahasha hii pamoja na mtandio wa Mama. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hatuongei tena, tunapeana taarifa tu. Umeme umerudi, Nuru homa imeshuka, mtandao unakatakata, haya basi kesho. Na ninayotaka kuyasema leo siwezi kuyasema Rehema akiwa ameshika simu na Mama anauliza kwa nyuma kama nimekula.

Kwanza nikiri kosa. Zile siku kumi nilizokaa kimya, nikakwambia baadaye kwamba kazi zilinizidi, ulikuwa uongo. Nilinuna. Nilinuna kama mtoto aliyenyimwa kipande cha muwa.

Unakumbuka siku mjumbe wa nyumba kumi alipopita kuandikisha wakazi wa mtaa? Rehema ndiye aliyenisimulia, naye alikuwa na furaha zake. Mjumbe alisahau miwani, kwa hiyo fomu akaijaza yeye. Akanisomea: "Mkuu wa kaya, Mwanaidi. Wakazi wanne: Mama, Bibi, mimi na Nuru. Nimeandika kwa hati nzuri, Baba, hata mjumbe kanisifu." Nikamuuliza, "Na mimi je?" Akanijibu bila kusita, "Aa, Baba, wewe si unakaa Riyadh? Mjumbe kasema waandikwe wanaolala hapa." Nikamwambia sawa, mwanangu, hati nzuri ni jambo jema. Nikakata simu. Chai yangu ilipoa pale mezani na sikuinywa.

Nyumba nimeijenga mimi, nikawa najiambia. Tofali la kwanza nimelibeba mimi kwa bega hili. Leo mwanangu ananitoa kwa kalamu, na mama yake yupo hapo hapo anamtazama. Nilikuwekea hasira, mke wangu, na wewe hukujua lolote, ukawa unanitumia picha za Nuru amevaa viatu vyako.

Sasa nikueleze kilichonigeuza, na inabidi nianze na kazi yangu. Wewe huwaambia watu nafanya kazi ya kompyuta, na si uongo. Ofisi yetu pale Murabba inawaandalia ripoti matajiri wanaotaka kununua nyumba nchi za nje. Kabla tajiri hajatoa fedha zake anataka kujua mji una watu gani, wana umri gani, wanafanya kazi gani, wanahamia au wanahama. Mimi ndiye ninayepekua majedwali ya sensa na kuyaandika yasomeke. Mwezi huu wote nimepewa mji mmoja wa Marekani. Jina lake siruhusiwi kulitaja, bosi anaogopa watu wasije wakamuwahi, kana kwamba wewe utaondoka Makorora kesho ukanunue maghorofa.

Si mji mkubwa kama ile tunayoiona kwenye filamu, wala si kijiji. Ni wa katikati, kama Tanga hivi, ila huko huanguka theluji. Zamani ulikuwa na kiwanda cha vipuri vya magari, baba akistaafu mtoto anaichukua zamu yake. Kikafungwa. Vijana wakafuata kazi kwingine, wakabaki wazee, na mitaa mingine nyumba zimepigiliwa mbao madirishani. Siku hizi mwajiri mkubwa ni hospitali, kisha chuo, halafu maghala ya kufungasha vitu wanavyoagiza watu kwa simu. Nilipokuwa naandika hayo nilimkumbuka sana marehemu baba, alivyokuwa akitusimulia habari za viwanda vyetu vya Tanga, na jinsi mama zetu walivyokuwa wakibandika sufuria kwa kusikia honi. Mji sijawahi kuukanyaga, lakini nikajikuta nauonea huruma.

Kuna jedwali la lugha zinazosemwa majumbani. Nikawa nashuka nalo taratibu, Kiingereza, Kihispania, Kiarabu, mara nikakuta Kiswahili. Mwanaidi, niliruka. Anwari, yule Mhindi wa Kerala ninayekaa naye meza moja, akaniuliza, "Kuna nini, Hamisi? Hesabu imekosea?" Nikamwambia hakuna kosa, kuna watu wetu humu. Watakuwa Wakongo, wengi wao walipelekwa huko kutoka makambini. Si wengi, lakini wapo, katika nyumba zile zile za wafanyakazi wa kiwanda kilichokufa. Mchana ule sikufanya kazi ya maana. Niliwaza kwamba kule kwenye theluji kuna mwanamke anamwambia mumewe, "Hebu funga mlango, baridi inaingia," kwa Kiswahili, na mumewe anainuka kwenda kuufunga. Hilo tu. Nilimwonea wivu yule bwana. Ana mlango wa kuambiwa afunge.

Siku ya pili bosi akaja mezani kwangu na ripoti mkononi. Bwana Fahad si mtu mbaya, ila ana pupa. Akaweka kidole kwenye ukurasa unaoonyesha nyumba zinazoongozwa na wanawake, ambazo mji ule zimejaa.

"Ya Hamisi, hawa wanawake, waume zao wako wapi? Mteja ataniuliza."

Nikamweleza kwamba wengine ni wajane, wengine wameachika, wengine hawakuolewa. "Na wengine, bosi, waume wapo ila wanafanya kazi mbali. Kanuni ya sensa yao ni kwamba mtu anahesabiwa pale anapolala siku nyingi. Kwa hiyo kwenye karatasi mume hayupo, na mwenye nyumba ni yule mwanamke anayeamka nayo kila siku."

Akanitazama, kisha akacheka. "Yaani hata wewe kwenu huhesabiwi?" Akanigonga bega. "Mafi mushkila, hakuna shida, Hamisi. Unahesabiwa hapa. Si una ikama?"

Nikacheka naye, maana bosi akicheka unacheka. Halafu nikaenda msalani, nikafungulia bomba, nikalia. Kibali cha kuishi ninacho kweli, nakibeba mfukoni kila niendako, na hakuna hata mtu mmoja katika mji huu atakayegeuza kichwa nisipoonekana asubuhi isipokuwa yule wa zamu ya kuosha vyombo chumbani kwetu.

Ndipo nikakumbuka mambo yako. Paa lilipong'olewa na upepo wa masika, mimi nilijua siku ya tatu, fundi keshashuka na ngazi yake. Mama alipoanguka, wewe na Rehema ndio mliombeba. Jirani aliposogeza ukuta, ulikwenda serikali ya mtaa peke yako ukarudi na ushindi. Na kila mara unanipigia na kuniuliza, "Baba Rehema, unaonaje?" Mimi nakohoa, nafikiri, natoa uamuzi wangu mzito. Miaka yote minne sikutambua kwamba unaniuliza jambo lililokwisha, kwa heshima tu. Rehema aliandika alichokiona. Amefanya kazi yangu vizuri kuliko ninavyoifanya mimi.

Unadhani nilikupigia siku hiyo? Sikupiga. Unanijua. Kujua nimekosa na kusema nimekosa ni safari mbili kwangu, na ya pili huwa naichelewesha.

Iliyoniharakisha ni Jeddah. Bosi alinichukua wiki iliyopita twende tukamsomee tajiri ripoti yake. Tajiri aliuliza maswali mawili tu, akanywa kahawa, akasema atafikiri. Halas, kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Ndege yetu ilikuwa jioni, nikaomba ruhusa nikatembee Balad, kwenye zile nyumba kuukuu za mawe ya matumbawe zenye roshani za mbao. Kwenye kichochoro kimoja nikapita duka dogo la ubani, nikasikia mtu ndani anajisemesha, "Aka! Nimeiweka wapi tena?" Nikarudi nyuma hatua tatu. Nikasalimia kwa Kiswahili.

Ni Mzee Bakari, mtu wa Pangani. Alikuja ujanani, na ndevu zake sasa ni nyeupe zote. Alinifurahia mpaka akafunga mlango nusu wateja wasitusumbue. Akaniuliza watu wa Tanga, bei ya dagaa, nani kafa. Nami nikamuuliza kama huenda nyumbani.

"Mimi nimeshasomewa hitima, mwanangu," akasema, tena anacheka.

Nikadhani anatania. Akaniambia aligombana na mkewe kwa barua, jambo dogo ambalo hata halikumbuki vizuri, akaamua anyamaze kidogo ili atafutwe. Mwezi ukawa mwaka. Akahama Makka akaja Jeddah, barua zao zikawa hazimfikii, naye akaona aibu kuanza. Mpaka siku moja mwanamke wa Pangani aliyekuja umra akamwona dukani, akapiga ukelele akakaa chini. Nyumbani walikuwa wameshakubali kwamba amekufa. Walimsomea, wakapika pilau, mkewe akakaa eda, akamaliza.

"Nikamuuliza, pilau ilikuwa nzuri? Akanambia nzuri, watu walijaa." Alicheka mpaka akafuta macho. "Na mke wangu keshaolewa, ana watoto. Sasa nirudi niwe nani, mwanangu? Niwatie watu fitina kwa kuwa hai?"

Alinifungia ubani kwenye gazeti, akakataa katakata kuniuzia. Kwenye ndege bosi alilala, mimi nikawa nazihesabu siku zangu kumi. Nilikuwa nimenyamaza kidogo ili nitafutwe. Ndipo usiku ule nilipokupigia nikakudanganya habari za kazi nyingi, na wewe ukasema tu, "Pole, baba Rehema, ulale basi."

Sasa lile kubwa. Mkataba wangu unakwisha, na bosi amenipa karatasi ya miaka miwili mingine. Ipo kwenye mtoto wa meza, sijaitia sahihi, na ana subira nami hadi mwisho wa mwezi. Zamani ningetia sahihi kisha nikuulize unaonaje. Safari hii nakuuliza kwanza, na nakuuliza kweli. Ukisema tuvumilie miaka miwili, nitavumilia, ila nitapiga simu kila siku na utanichoka. Ukisema njoo, nitamwambia bosi halas na nitakuwa nyumbani kabla ya Ramadhani, nitafute kazi Tanga hata kama ni ya kuwaandikia watu barua za maombi. Usinijibu kupitia kwa Rehema. Piga mwenyewe, ukiwa peke yako, nami nitakuwa tayari kusikia.

Moyo wangu unataka kuja, sikufichi. Natamani kukusikia ukinigombeza kwa kuacha taulo kitandani. Nimechoka kuwa mtu wa kutumiwa picha. Lakini nina hofu pia, maana nyumba imeshajipanga bila mimi, kila mtu ana kiti chake na saa yake, na huenda nikiingia nitakuwa kama kabati jipya linalozuia njia. Kama ndivyo unavyoona, niambie hilo nalo. Litaniuma, lakini nitakuwa nimelijua kutoka kwako.

Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie mtandio ni wa pamba kama alivyotaka, na asiutunze kabatini kwa ajili ya sikukuu, auvae. Msalimie shangazi yangu wa Pongwe akija kwenye gulio. Mjumbe naye msalimie, mwambie sina kinyongo, alifuata kanuni. Rehema mwambie baba yake amesema kazi yake haina kosa hata moja.

Na Nuru. Mara ile moja niliyokuja alikuwa na miaka miwili, akalia kila nilipoingia chumbani, na wewe ukawa unamvuta mkono, "Msalimie baba, msalimie baba," mpaka akanichukia. Kama utasema nije, nakuomba jambo moja. Usimwambie mimi ni nani. Niache nikae barazani hata wiki nzima, yeye acheze huko kwake, mpaka siku atakayokuja mwenyewe kuniuliza.

Mumeo anayekupenda,
Hamisi