Marehemu wa Saluni ya Sakina

Naisula uko wapi? Acha kila kitu usome.

Leo si ndiyo wikiendi yangu ya kwanza kutoka kazini kule hifadhini tangu mwezi wa sita! Niko saluni huku mtaa wa Sakina nasukwa, nimetulia zangu. Pembeni kuna mama anakausha nywele. Namwangalia. Namwangalia tena. NI MAMA YAKE AGNELA.

Yule yule aliyekufa! Agnela si alilia kule jikoni kazini mpaka tukamshika, meneja akampa wiki nzima, mimi nikabeba zamu zake nikakosa kipaimara cha mdogo wangu kule Akheri? Mdogo wangu hajanisamehe mpaka leo.

Sikupiga kelele, unanijua. Nikasema, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu." Nikamwonyesha kwenye simu ile picha yake yenye mishumaa tuliyoiweka wote status.

Akaivuta karibu. "Huyu si mimi? Nani kaniwashia mishumaa?"

"Ni Agnela, mama. Alituambia umeshazikwa Rombo."

Msusi akaachia nywele zangu. Mama akatoa kichwa kwenye draya, akampigia mwanawe, akaweka spika.

"Abee mama!"

"Agnela, ni mimi marehemu. Jumatatu nakuja huko kazini kwenu kuwashukuru walionililia."

Naisula, ile "abee" aliitika anacheka. Baada ya hapo akakata simu.

Jumatatu tunapanda gari moja, mimi na marehemu. Sasa acha nirudi kusukwa. Sijawahi kupumzika hivi.