Barafu Iliyotiwa Chumvi

Toronto, Februari 1995

Yaya Carmel, dada yangu mkubwa,

Tunamshukuru Mungu, sisi ni wazima, ila baridi inatutesa.

Nimeanza mazoezi ya kufundisha kemia. Juzi mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, kwa nini barafu inayeyuka ikitiwa chumvi?" Jibu nililijua kwa kusoma tu, kwa hiyo tukatoka nje kujaribu. Barafu ikayeyuka, lakini kipimajoto kikazidi kushuka! Nilipiga kelele kuliko watoto.

Usimwambie Mama: nimekataa kazi ya maabara kwenye kiwanda cha rangi, ili nimalize ualimu. Mume wangu alininunia wiki nzima. Leo mezani akauliza taratibu, "Kesho utawafundisha nini?" Nikaanza kumweleza. Chakula kikapoa, naye hakuinuka.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Candide