Meno Aliyoniwekea Nyemo

Jumatatu, 2 Juni
Uji wa uwele. Sawa. Karanga za kukaanga, konzi mbili. Kushoto panauma kidogo. Mbavu za mbuzi, mifupa nimeisafisha mwenyewe. Hapaumi.

Ndivyo alivyoagiza daktari wangu. Kila siku niandike nimekula nini na wapi panauma, akipiga simu nimsomee. Daktari wangu ni binti yangu Nyemo. Anatibu meno kwenye kliniki kubwa kule mjini Dodoma, ina kiti kinachopanda na kushuka chenyewe. Aliniwekea meno yote, juu na chini, kwa mikono yake. Hapa Bahi hakuna mzee wa rika langu mwenye meno kama haya. Leo nimemwonyesha jirani yangu Chibago. Amegeuka kuangalia mbuzi.

Haya mengine simsomei mtu. Nilijifunza kuandika ukubwani, kisomo cha watu wazima. Nilikuwa wa kwanza. Tulikuwa wanne.

Alhamisi, 5 Juni
Nyemo kaja na bodaboda. Gari kauza. Kazi kaacha. Anaenda jeshini.

Nilidhani utani. Nikamuuliza, kwani askari nao wana meno? Akasema, "Wanayo, baba. Na walioko mipakani wakiumwa jino hawana pa kwenda."

Nimekasirika sana. Zizi langu liliishia kwenye ada zake. Anaacha mshahara ule, na nyumba ya Ipagala kule mjini, na kiti kile, akalale kwenye hema! Akimbizwe na filimbi kama mwizi!

Nimeyavua meno mbele yake. Majirani walikuwepo, Chibago alikuwepo. Nimesema siyavai tena mpaka arudi kwenye kliniki yake. Mama Nyemo kasema, "Sasa mzee, nyama atakutafunia nani?" Nimesema neno limeshatoka.

Nyemo hakulia. Kasema, "Baba, naomba neno lako la baraka tu, niende." Sikulitoa. Kasema atalisubiri. Kasema pia meno niyaweke kwenye maji, yasikauke.

Nimeyatia kwenye kikopo cha ugoro. Makavu.

Jumapili, 8 Juni
Ugali na mlenda. Asubuhi na jioni.

Kilabuni Chibago kasema, "Mtu aache asali akafuate nyuki? Huyo kafukuzwa kazi, Ndalu. Wewe umedanganywa." Nikataka kumjibu. Bila meno yakatoka mate na upepo. Wakaanguka kwa kicheko. Na mimi nikacheka nao, waone sijali.

Hilo la kucheka linaniuma mpaka sasa. Siyo kushoto. Ndani.

Jumanne, 8 Julai
Mlenda. Mkanda nimeutoboa tundu jipya. Mama Nyemo amechoma nyama makusudi, upande unaotoka upepo. Nimekaa hapohapo. Mimi siyo mtu wa kushindwa na moshi.

Jumatano, 17 Septemba
Barua ya Nyemo. Kaandika kwa herufi kubwa kubwa, ananijua. Nimeisoma siku tatu, zizini, peke yangu. Mama Nyemo alitaka tumwite mtu wa kutusomea. Kwani mimi nani?

Anasema wanakimbia kabla jua halijatoka. Vijana anaowazidi miaka sita wanampita. Magoti yanamuuma lakini hajawahi kubaki nyuma akabebwa. Anasema kuna kijana mmoja shavu lilimvimba kama kibuyu, siku nne hajalala. Kamkalisha juu ya sanduku la risasi, kaling'oa jino. Kijana akasinzia palepale, kaegemea ukuta. Anasema kule kliniki wengi walikuja wang'arishwe meno ya kupigia picha. Huyu alikuja apone.

Mwisho kaandika: Baba, lile neno bado nalisubiri.

Nimekosea. Naandika hapa tu, simwambii mtu. Lakini nilisema mbele za watu, na mimi nikisema nimesema. Marehemu baba alikuwa hivihivi. Alitembea kwa miguu hadi Dodoma maisha yake yote kwa sababu ya neno moja alilomwambia kondakta wa basi.

Jumatano, 7 Januari
Jumamosi Nyemo anakuja, kapewa siku tatu. Mwenyekiti wa kijiji ameitisha mkutano wa kumpa heshima, yeye na kijana wa Mwalimu wa shule yetu, yule mhandisi aliyeacha kampuni ya barabara wakaingia jeshini pamoja. Kila mmoja atavishwa mgolole, shuka letu la heshima. Mwenyekiti kasema watu wanaoacha shibe kwa hiari yao wakatulinde hawapiti kimyakimya kijijini kwake. Hapo kasema vizuri.

Kwa desturi mzazi ndiye anayesema kwanza. Nimemwambia nitasema, lakini meno sivai. Akajikuna. "Mzee wangu, kwa heshima zote, kilabuni tulikusikia." Kumbe amekwisha kumpa Chibago aseme kwa niaba yangu.

Chibago!

Jumamosi, 10 Januari
Mvua ilipiga asubuhi, ikaacha. Uwanja wa shule umejaa watu, tope mpaka vifundoni. Nyemo kaja na magwanda, buti zinang'aa hata kwenye tope. Kakonda. Kakomaa. "Shikamoo, baba." Marahaba yangu ikatoka upepo. Kanitazama mdomoni.

Kijana wa Mwalimu kavishwa, baba yake kasema vizuri, kafupisha. Ikaja zamu yetu. Chibago kasimama na koti lake la Krismasi. Kasema yeye ndiye aliyemshauri Nyemo. Eti alimwambia, "Binti, acha mali, katumikie nchi." Yeye! Watu wakapiga makofi. Akaanza kumwita mtoto wa ukoo wao.

Kikopo kilikuwa mfukoni. Sikupanga. Ndimo kinamokaa. Na jana niliyaosha kwa bahati tu.

Nikayavaa. Yanacheza kama bati lililolegea msumari. Nikasimama. "Chibago, kaa chini. Uongo huo hata mimi sijawahi kuusema."

Wakacheka. Nikaendelea. Nikasema huyu ni wangu. Nikasema mimi nilimkataza. Alikuwa na nyumba, na gari, na kiti kinachopanda chenyewe, kaviacha vyote akawatibu wanaokesha ili sisi tulale. Nikasema ninyi mlimcheka, na mimi babaye nikacheka nanyi. Kosa langu ni kubwa kuliko lenu, kama kila kitu changu.

Nikamgeukia. "Nyemo, nenda na..." Meno ya chini yakaruka.

Nikayadaka hewani. Mkono wangu bado mwepesi, waliokuwepo waulizwe. Uwanja ukalipuka. Chibago alicheka mpaka akashika mti wa bendera.

Nikayarudisha, nikayabana kwa kidole gumba, nikamaliza. "Nenda na baraka zangu. Urudi kwa miguu yako."

Nilimvisha mgolole mwenyewe. Akarudi nyuma hatua moja, akanipigia saluti. Mimi. Mbele ya kijiji kizima. Kisha akacheka huku machozi yanamtoka. "Baba, si nilikwambia uyaweke kwenye maji?"

Neno langu limevunjika hadharani. Sijafa.

Jumapili, 11 Januari
Nyemo kanikalisha kwenye kigoda, mlangoni kwenye mwanga. Vifaa alikuja navyo kwenye begi la jeshi. Kakwangua, kajaza, kajaribisha, kakwangua tena. Kasema fizi zangu zimenywea kwa ukaidi. Ugonjwa huo haupo, anatunga.

Chibago kapita kusalimia. Kakaa. Mwisho kafungua mdomo, kaonyesha gego lililooza. Nyemo kaling'oa. Kiti hakikupanda wala kushuka. Nilimshikia Chibago kichwa, nikakibana kidogo kuliko ilivyohitajika.

Jumanne, 13 Januari
Jana kaondoka. Mgolole kaukunja, kauweka juu kabisa kwenye begi.

Leo uji. Makande, bakuli mbili. Karanga, konzi moja. Mchana nimepalilia jaruba la mpunga, maji yametulia.

Nyemo kapiga simu, kaniuliza kushoto vipi. Nimemwambia hapaumi.

Panauma kidogo. Askari asiwaze nyumbani.

Meno yako kwenye maji.